Jezi za Fundi Makame

Enzi zetu mpira ulitazamwa kwa miguu. Ulitoka nyumbani, ukakata vichochoro, ukafika Mnazi Mmoja jua la alasiri likikuchoma utosi, ukasimama mpaka karibu na Magharibi, na ukirudi huna sauti na visigino vimejaa vumbi. Mjukuu wangu Suleiman anautazama kalala chali, simu juu ya kifua, masikio kayaziba kwa vidude viwili vyeupe. Jezi aliyoivaa ina jina la mtu asiyejua hata Unguja iko wapi. Mtu huyo akifungwa, Suleiman hali chakula. Namcheka, kisha najizuia, maana mpira wa kutazama ulitufanyia ihsani kubwa nyumbani kwetu, na mimi ni mtu wa mwisho wa kuudharau.

Nilikuwa na miaka kumi. Asubuhi skuli, mchana chuoni kusoma Kurani, na alasiri ndiyo ilikuwa yetu wenyewe. Wasichana wa mtaa tulicheza nage kwa mpira wa soksi kuukuu uliojazwa matambara, na ukikupiga mgongoni uliujua. Tukichoka tunakaa barazani kucheza mdako, vijiwe vinarushwa, mdomo umejaa ubuyu, vidole vyekundu. Embe mbichi tulizila kwa chumvi na pilipili mpaka meno yakafa ganzi. Na katika raha yote hiyo sikio moja lilikuwa nyumbani, kumsikiliza Mama. Akiita "Zuwena!" lazima "Naam!" itoke hapo hapo. Alikuwa akisema jina likiitwa mara ya pili huja na fimbo.

Kabla ya masika ya mwaka ule Mama alitutoka. Aliugua siku nne tu.

Baba yangu, Fundi Makame, alikuwa mshoni wa kanzu. Chumba chetu cha mbele, chenye mlango wa kutokea barazani, ndicho kilichokuwa duka lake. Kanzu za Idi, kanzu za maharusi, zote zilitoka mkononi mwake, shingo na kifua vimedariziwa kwa uzi wa hariri kwa utulivu ambao leo hamna mashine inayouweza. Baada ya khitma ya Mama alifunga mlango ule. Hakulia, hakugombana na mtu. Alikaa tu juu ya kiti chake mbele ya cherehani, mikono juu ya mapaja, kutoka sala mpaka sala. Ukimsalimu anaitika, ukimpa chakula anakula tonge mbili. Shangazi yangu, Bi Mgeni, dada yake mkubwa, alihamia kwetu kutulea. Akaenda kwa mwalimu kuandikiwa kombe, aya kwa zafarani ndani ya sahani, akaikosha kwa maji ya mawaridi na kumnywesha Baba siku tatu. Baba alikunywa na kushukuru, akarudi kitini. Nilikuwa nikimsikia Shangazi jikoni akinong'ona, "Huyu naye ataniondokea." Mimi nilikuwa nimeshampoteza mmoja, na tangu neno lile nikawa namhesabia Baba tonge zake.

Jumanne moja mlango ulibishwa. Alikuwa Nassor, nahodha wa timu ya mtaa wetu, kijana mrefu, kabeba jora la kitambaa cha kijani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba."

"Fundi, Ijumaa tunacheza na mtaa wa pili, na jezi hatuna. Mafundi wote nshawazunguka. Nakuomba utushonee kumi na moja."

"Mimi nashona kanzu."

"Kitambaa si kitambaa, Fundi?"

Baba alilitazama jora lile, akaligusa kwa kidole gumba na cha shahada kama alivyokuwa akifanya zamani. "Wacha hapo," akasema.

Jioni ile cherehani ililia. Shangazi alisimama kizingitini na mwiko mkononi, machozi yanamtoka. Siku mbili nzima ililia, na Ijumaa asubuhi Baba aliniita nimsaidie kukunja. Nilipoiinua ya kwanza nikajua kuna kosa. Ilikuwa na mikono mipana, pasuo mbili za pembeni, na shingo imedariziwa hariri nyeupe mpaka kifuani. Nikaikadiria kwa kimo cha Nassor: itamfika magotini. Akili ya Baba ilikuwa kwa Mama, na mikono ikiachwa peke yake hufanya inachokijua. Mikono yake miaka ishirini ilijua kanzu, basi ikashona kanzu fupi kumi na moja.

Nilitaka kusema. Lakini Baba alikuwa anakata uzi kwa meno na huku anavuta kaswida chini chini puani. Sikuwa nimemsikia hivyo tangu Mama aondoke. Nikazikunja zote, nikazifunga kwa gazeti, nikanyamaza. Baada ya sala ya Ijumaa Nassor alikuja mbio, akalikwapua furushi, akaondoka bila ya kulifungua.

Nilidhani Baba atabaki nyumbani na asione. Sikumweka Shangazi katika hesabu.

"Makame, inuka," alisema, kashavaa buibui lake. "Kazi yako itakuwa uwanjani, nawe umekaa humu kama gunia la chumvi? Macho hayana pazia. Nenda katazame."

"Mimi mpira siujui, dada."

"Nani kakwambia uucheze? Inuka!"

Tukenda. Shangazi alisimama na wanawake wenziwe kando ya barabara chini ya mivinje, wakigawana karanga. Mimi nilishikwa mkono na Baba mpaka kwenye mstari, katikati ya watu. Harufu ya muhogo wa kuchoma, vikombe vya kahawa vinagongana, wachukuzi wa bandarini na jasho lao, makarani na kofia zao za viua, wote wamebanana bega kwa bega. Kila mmoja anamfundisha jirani yake jinsi mpira unavyochezwa, na tumbo lake mwenyewe haliwezi kuruka mfereji. Mimi sikuuona mpira hata kidogo. Nilikuwa namtazama Baba na kuomba Mungu mvua inyeshe.

Timu yetu ikatoka. Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko.

"Maharusi hao!"

"Bibi harusi mmemwacha wapi?"

"Wapigieni vigelegele!" Na wanawake, chini ya mivinje kule, wakapiga kweli.

Nassor na wenzake, nyingine za kuvaa hawana, walikuwa wamevimba kwa aibu, jezi zinapepea magotini, hariri inang'ara vifuani. Baba akauachia mkono wangu. Alitazama kazi yake kama mtu aliyezinduka usingizini akajikuta sokoni na nguo ya kulalia. "Nimefanya nini mimi," akasema polepole. Akageuka kutaka kuondoka, lakini nyuma yetu watu walikuwa wamejaa kama tende kwenye pakacha, hamna pa kupita. Nikaanza kulia. "Nliona, Baba! Nliona asubuhi nkanyamaza!" Kwa kelele zile hakunisikia. Nilijua akifika nyumbani atafunga mlango ule, na safari hii hataufungua tena.

Mchezo ukaanza nasi tumekwama pale pale. Mtaa wa pili walikuwa wazuri kuliko sisi, huo ndio ukweli. Walitushambulia mpaka watu wetu wakaacha kutania na kuanza kusali. Kipindi cha pili, saa ya jua kulegea, mshambuliaji wao akampita beki wa mwisho, akabaki yeye na mlinda mlango wetu. Akaupiga chini, kati ya miguu. Sote tuliuona unapita. Mlinda mlango akachuchumaa kwa kuchelewa, na mpira ukaingia ndani ya ile jezi ndefu, ukanasa, kama mwanamke anavyopokea maembe kwa upindo wa kanga. Akasimama nao umening'inia mapajani, mwenyewe kaduwaa, anautafuta uko wapi.

Sijapata tena kusikia kelele kama ile. Wetu na wao, wote walicheka. Walicheka mpaka wakakaa chini. Mchukuzi mmoja, jitu la mabega mapana asiyetujua, alimkumbatia Baba akamwinua juu juu. "Yakhe, kanzu imeokoa! Fundi gani huyu? Mungu amweke!"

Nikamwona Baba anafungua mdomo. Kicheko kikamtoka, kwanza kidogo, kama mlango ulioshika kutu, halafu chote.

"Mimi," akasema. "Mimi ndiye fundi!"

"Wewe?"

"Mimi! Na mshono haukuachia!"

Watu wakamrukia. Naye akicheka machozi yalikuwa yanamtoka, na yakaendelea kutoka baada ya kicheko kwisha, mabega yanamtikisika. Alimlilia Mama pale, katikati ya Mnazi Mmoja, kifuani mwa mchukuzi asiyemjua jina, na hakuna aliyemwuliza analia nini, kwa sababu kila mtu pale alikuwa anafuta machozi. Nami nikafuta yangu.

Nimefikiri sana tangu siku ile kwa nini mtu mzima aache shughuli zake akatazame wengine wanakimbia, kisha aseme "tumeshinda" hali hajagusa mpira. Mtu ana furaha na huzuni ambazo hajui aziweke wapi. Nyumbani ana heshima ya kulinda, msikitini ana adabu, kazini ana mkubwa wake. Uwanjani anaazimwa saa moja na nusu ya kupiga kelele na kulia hadharani, na wenziwe hawamwoni mwendawazimu kwa kuwa nao wamo. Kisha anarudi kwake mwepesi. Kombe la Shangazi silidharau, huenda ndilo lililomfikisha uwanjani. Lakini Baba aliponea pale.

Mchezo uliisha sare, bila kwa bila. Tulirudi sote watatu, Baba kanibeba mabegani ingawa nilikuwa mkubwa, Shangazi nyuma anatutupia maganda ya karanga na kumwita Baba "fundi wa maharusi". Njiani nikamwambia tena kwamba niliona nikanyamaza. Akanipandisha vizuri mabegani. "Umefanya vyema," akasema. "Ungesema, ningezikata."

Kesho yake, Jumamosi, Baba aliufungua mlango wa barazani na cherehani ikalia asubuhi yote. Jezi zile hazikukatwa. Timu ilizivaa msimu mzima, na watu walitoka mpaka Mbweni kuja kuzicheka.

Siku hizi uwanja upo ndani ya simu, na kila mtu analia na kucheka peke yake chumbani. Juzi nilimsikia Suleiman anapiga ukelele, nikaingia, nikamkuta anatafuta mtu wa kumtazama. Nikakaa kitandani kwake. Akachomoa kidude kimoja sikioni mwake, akanipa. Sikuelewa nani anacheza na nani. Nilisikia maelfu ya watu wananguruma mbali huko, na chini ya ngurumo ile, kama kila mara, nikasikia cherehani ya Baba ya Jumamosi asubuhi, mlango wa barazani u wazi.