Punda Asiyeandikwa Bei

Mwezi uliopita nilikuwa steshenari mjini Same, mwanangu mgongoni, nasubiri kutoa kopi ya kadi yake ya kliniki. Mbele yangu babu mmoja mfugaji kutoka tambarare alikuwa anaandikisha tangazo la kuuza punda. Hakutulia. Kila mara alitoka kumtazama punda wake aliyefungwa nje, kisha akarudi.

"Babu, bei niandike ngapi?" dada wa kompyuta akauliza.

"Usiandike."

"Watu hawapigi simu bila kuona bei, babu yangu."

"Ukiandika bei atakuja mwenye hela. Hata wanaochinja punda wauze ngozi wana hela. Mimi namtaka atakayeuliza kwanza anakula nini."

"Sasa si ubaki naye tu?"

"Yeye bado ana nguvu. Miguu yangu ndiyo haifiki tena kisimani."

Dada alichukua simu yake, akatoka kumpiga punda picha, akangoja juani mpaka mnyama akainua kichwa. Foleni ikaanza kunung'unika. "Ngojeni," akasema, "atoke vizuri."

Mimi nikiuza kuku, bei ndiyo neno la kwanza, na anakokwenda siulizi. Lakini sasa kila nikienda sokoni napitia pale steshenari. Tangazo bado liko ukutani. Nikiliona, naisikitikia miguu ya babu. Siku nisipoliona, nitahangaika kujua aliyepiga simu alianza na swali gani.