Mgongo wameumaliza wao, sasa wanataka nipige magoti

Mniwekee bila jina, maana wakwe zangu nao siku hizi wana simu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, naishi Kishapu, na ninavyoandika hapa nina hasira kwelikweli.

Miaka ya tisini, tukiwa na mtoto mmoja, mume wangu alinipeleka Rwamgasa kwenye dhahabu. Yeye alishuka shimoni, mimi nikaponda mawe. Kuponda kwenyewe unakaa chini, miguu umenyoosha, kinu cha chuma katikati ya mapaja, umejikunja kutwa nzima. Jioni nilikuwa nainuka kwa kushika ukuta. Nikaona nisife kijinga. Nikatafuta gogo nikalikalia, kinu nikakipandisha juu ya jiwe. Jamani, mgongo ulipumua!

Baba mkwe akaja kututembelea, akanikuta juu ya gogo. Nikashuka haraka, nikapiga magoti: "Shikamoo baba." Hakuitikia. Akamgeukia mwanawe: "Mimi nimesimama, mkeo kakaa juu kama mwanamume?" Mume wangu hakunitetea hata kidogo, akalipasua lile gogo likawa kuni. Nikamwambia, "Baba Masanja, mgongo unaniuma." Akanijibu, "Wenzako mbona wanakaa chini? Wewe una mgongo wa kizungu?" Basi nikaponda hivyo hivyo miaka, na mimba, na vichanga mgongoni. Nyumba wanayoringia leo imetoka kwenye mawe yale.

Sasa mgongo haunyooki na magoti hayakunjiki. Nikienda chini siinuki mpaka niinuliwe. Kitinda mimba wangu, Neema, anaolewa mwezi ujao, na yule mzee ametamka kwenye kikao cha ukoo kwamba nina kiburi, namsalimia nimesimama. Nisipompigia magoti mbele ya wageni, shangazi yake Neema ndiye atakayekaa kwenye kiti cha mama. Mume wangu alikuwepo. Eti, "Si mara moja tu? Vumilia."

Mwanaume huyo sina hamu naye tena! Ila kilichonikata maini ni Neema, ananililia: "Mama, piga tu yaishe." Nikipiga, nitanyanyuliwa kama gunia la pamba mbele ya wakwe zake. Nikikataa, mwanangu ataagwa mimi nikiwa jikoni nachochea kuni.

Ndugu zangu, nipige au nikatae? Nishaurini, ila asije mtu hapa akaniambia nivumilie.