Karugendo Hakumwona Buberwa

Karugendo alikuwa fundi magari Rwamishenye, na miongoni mwa rafiki zake hakuna aliyemshinda kwenye gokati. Aliitengeneza mwenyewe: fremu ya mabomba ya chuma, injini ya pikipiki nyuma ya kiti, matairi madogo ya bajaji, na dereva anakaa chini kabisa, akinyoosha mkono anagusa saruji. Wenzake wapenda magari waliiga, wakawa sita. Kila Jumamosi walikwenda Muleba, kwenye uwanja wa zamani wa kuanikia kahawa, wakapanga matairi chakavu kuwa kona, wakashindana hadi mafuta yaishe.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Buberwa, dereva wa lori la ndizi. Walisoma pamoja Kibeta tangu darasa la kwanza.

Mwaka jana Karugendo alianza kujigonga. Aligonga fremu ya mlango, akamwaga ndoo ya maji ya mkewe, Elieth. Elieth akamsukuma aende kwa daktari wa macho. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na jicho la kushoto limekwisha kufa.

"Kilichopotea hakirudi," alisema. "Tulinde hilo moja. Na usiendeshe chombo chochote."

Nyumbani Karugendo alimwambia Elieth amepewa dawa ya matone, basi. Jumamosi akaenda Muleba kama kawaida. Alijiambia akigeuza shingo sana itatosha.

Ilitosha miezi minne. Mwezi wa saba, mzunguko wa tatu, Buberwa alijipenyeza upande wa ndani wa kona, kushoto kwa Karugendo. Naye akakata kona kana kwamba hapakuwa na mtu. Matairi yakapandana, gokati ya Buberwa ikapinduka, injini ikamwangukia gotini. Alipelekwa Mwanza, na huko madaktari wakaukata mguu juu ya goti.

Wote walisema ni ajali. Buberwa mwenyewe, akiwa bado kitandani, alimshika Karugendo mkono.

"Nilijipenyeza vibaya, waitu, ndugu yangu. Usijilaumu."

Maneno hayo yalimnyima Karugendo usingizi na hamu ya kula. Baada ya wiki tano alikwenda nyumbani kwa Buberwa, Bilele. Consolata, mke wa Buberwa, alikuwa akimenya ndizi kibarazani, mumewe kwenye kiti karibu naye.

"Buberwa, siku ile sikukuona."

"Najua. Nilikuja kwa kasi."

"Hapana. Nisingeweza kukuona. Jicho la kushoto limekufa. Daktari aliniambia mwezi wa tatu."

Kisu cha Consolata kikasimama.

"Mwezi wa tatu," Buberwa alisema polepole. "Akakukataza kuendesha?"

"Alinikataza."

"Kwa nini basi uliendesha?"

"Nilipenda kuendesha," Karugendo alisema.

"Toka kwangu kabla sijainuka," Buberwa alisema, kisha akashusha macho pale mguu ulipokuwa. Consolata akasimama katikati yao hadi Karugendo alipoondoka.

Elieth alipata habari siku hiyohiyo kutoka kwa Consolata. Hakumfokea mumewe. Tangu hapo anamwambia tu yale ya lazima: chakula tayari, maji ya kuoga yako bafuni. Wale wanne waliobaki waliacha kwenda Muleba, na hakuna anayepita tena gereji kusalimia. Jicho la kulia nalo limeanza kufifia pembeni.

Mwezi wa kumi na mbili alimwomba Elieth amfikishe Bilele ajaribu tena kuzungumza na Buberwa. Consolata aliwapokea mlangoni, hakuwakaribisha ndani.

"Shemeji, usije tena," alisema kwa sauti ya chini. "Siku ile ulipotoka hapa, mume wangu alikaa siku mbili bila kula."

Karugendo aliitikia kwa kichwa. Akapapasa bega la Elieth, akalishika, wakarudi nyumbani.