Mgeni Aliyenikataa

Nilipokuwa na miaka saba, pale Kiranjeranje, surua haikutajwa jina. Bibi yangu, mzaa baba, aliiita mgeni, na aliamini kwamba sindano humkasirisha mgeni huyo, akarudi ndani ya mwili na kuua. Nyumbani kwetu neno lake lilikuwa la mwisho.

Msimu wa mabibo mikoroshoni, Zuhura, binti wa baba yangu mdogo, akatokwa na vipele. Bibi akatufungia wote wawili chumba cha nyuma, maana mgeni akishaingia nyumba sharti awapitie watoto wote kwa mkupuo. Dirisha likazibwa kwa kanga. Hakuna kuoga, wala kutoka, hadi vipele vinitoke na mimi, kisha vipukutike.

Havikutoka. Kila asubuhi Bibi alinivua gauni na kunipapasa mgongo gizani, akaguna.

"Bado hajakupenda, mjukuu wangu. Mvumilie."

Nikajikuna kwa makusudi hadi ngozi ikachubuka, nikamwita aje aone. Bibi hakuwa mtu wa kudanganywa na kucha za mtoto! Harufu ya mabibo ilipenya chini ya mlango, nikalia kwa hasira. Mama alileta uji, akauweka kizingitini bila kunitazama. Nilimchukia.

Siku ya nane Zuhura aliniuliza, "Mbona wameziba na pale kwenye kanga? Hakuna hata mwanga."

Mwanga ulikuwepo, ukipenya kanga mbele ya uso wake. Nikaupiga mlango hadi viganja vikawaka moto.

Mama ndiye aliyefungua. Alimtazama Zuhura machoni, akatoka mbio, akarudi na kadi ya kliniki iliyojaa unga wa muhogo. Kumbe aliificha ndani ya debe miaka yote hiyo.

"Mama, huyu wangu hapati," alimwambia Bibi. "Ile siku niliyoaga naenda msibani, nilimpeleka kuchanjwa. Na Zuhura apelekwe zahanati sasa hivi, macho yanakwenda."

Bibi aliitazama kadi, kisha akamwonyesha Zuhura kwa kidole. "Na huyu, siku ile ulimwacha?"

Mama akamwinua Zuhura, akamtoa nje.

Baba mdogo alimpakia Zuhura kwenye baiskeli. Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilibaki na kiini cheupe.

Kwa miaka mingi nilidhani aliyetufungia ni Bibi peke yake. Leo nami ni mama, na najua kwamba mama yangu alijua tangu siku ya kwanza kuwa vile vipele visingenitoka kamwe. Aliogopa talaka. Hakumchukua Zuhura siku ile kwa sababu mama yake Zuhura asingemficha Bibi neno. Namwelewa, na bado inaniuma.

Zuhura ana watoto watatu. Siku ya chanjo huwahi foleni kuliko wote, na dawa ikiwa haijafika, wauguzi humkoma kwa maneno yake. Anasema alishasamehe zamani, nami namwamini. Lakini akija kututembelea, Mama humkaribisha kwa furaha, kisha huhamisha kigoda chake na kuketi kushoto kwake, upande wa jicho lisiloona.