Miiba ya Kisima cha Susu Kavata

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliamka kwetu Kasikeu nikashika njia bila mpango. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, na nilitaka tu kuona barabara inafika wapi. Lori la mbuzi likanishusha karibu na Mwingi, nikaendelea kwa miguu.

Kiu ikanishika kwenye mto mkavu. Katikati ya mchanga palikuwa na kisima kilichochimbwa kwa mkono, kimezungushiwa matawi ya miiba. Nikavuta matawi mawili, nikanywa, nikaenda kujilaza kivulini. Kuyarudisha kungenichukua dakika moja. Sikuyarudisha.

Niliamshwa na kengele za mbuzi. Kundi zima lilikuwa limeingia, kuta za mchanga zimeporomoka, maji yamekuwa tope na mavi. Mwenye kisima akafika na punda wake na mitungi mitupu. Alikuwa nyanya mmoja, Susu Kavata (susu ni nyanya kwa Kikamba), na hayo ndiyo maji yake ya kunywa, ya kupikia na ya mboga zake.

Nikamwambia si mimi, ni mbuzi.

“Mbuzi walifungua wenyewe?” akauliza. “Basi hao wamesoma kukushinda wewe.”

Nikasema sikuvunja kitu, nilikunywa tu.

“Kunywa sikukatazi, kijana. Wapita njia hunywa hapa kila siku. Lakini hiyo miiba ni kazi yangu ya siku tatu. Ulipoiacha wazi, uliibomoa.”

Nikaomba beleshi. Nilichimba hadi jua likainama, yeye ameketi ananifundisha kupanua mdomo wa shimo ili mchanga usirudi, na kunicheka kila uliporudi. Maji yakaanza kutoka polepole, yakiwa safi. Kikombe cha kwanza alimpa punda, cha pili akanipa mimi. Kisha akaniambia chumba cha mwanawe aliyeenda Mombasa kiko wazi, nikalale huko, kesho tukate miiba mipya. Nilikaa kwake miezi miwili.

Mwanangu, mali ya mtu haiharibiwi kwa moto na nyundo peke yake. Mara nyingi ni haraka, uvivu kidogo, na kudhani kitu hakina mwenyewe kwa sababu mwenyewe humwoni. Ukifungua, funga. Ukiharibu, sema, kisha ushike beleshi. Kisima kilichoporomoka huchimbika tena.

Mungu akupe safari ndefu, na kila unapopita, watu wafurahi kwamba ulipita.