Fremu ya Safari ya Mtwapa

Kwa fundi wa baiskeli pale Muyeye, nikingoja kuzibiwa pancha, nilimkuta bwana mmoja akichagua fremu kuukuu ya chuma, aundie baiskeli ya safari ya Mtwapa. Kila bomba aliligonga kwa pete yake, akatega sikio kama anayenunua nazi. Mwisho akaikumbatia moja.

"Hii mabomba yake membamba. Ni nyepesi, na sauti yake safi."

Mkewe, aliyesimama kando yake, akaivuta nyingine, nene.

"Twachukua hii."

"Hiyo nzito, mke wangu. Itanichosha njiani."

"Na hiyo yako itatubeba wawili?"

Bwana akamgeukia. "Kwani nawe waenda?"

"Nimekwambia tangu Ramadhani."

Fundi, bila kuulizwa, akaanza kutafuta keria ya kukalia nyuma.

Wanaume tuna masikio mazuri sana, ila twayatumia kwa chuma.