Neno Lisilotamkwa Kasubi

Jumapili iliyopita nilikuwa Kasubi, katika nyumba kubwa ya nyasi iliyokuwa kasri kabla ya kuwa makaburi ya makabaka, wafalme wa Buganda. Tulivua viatu, tukakaa mkekani. Mbele yangu aliketi mama Mkongo na watoto wake wawili wadogo.

"Hapa hatusemi kabaka amekufa," mwongozaji wetu alisema, akionyesha pazia la nguo ya magome. "Tunasema ameingia msituni, huko nyuma ya pazia."

Mtoto mkubwa alimgeukia mama yake. "Na baba? Ulisema alisafiri. Naye aliingia mu msitu?"

Mama alikaza kitenge chake.

"Hapana, mtoto wangu. Baba hakukuwa mfalme. Baba alikufa."

"Hatarudi?"

"Hatarudi."

Neno "kufa" ni mwiko mle ndani, na mwongozaji alikuwa amekwisha kumkemea mgeni mmoja kwa kulitamka. Safari hii aliutazama mkeka.

Walimu wangu Waingereza walinifundisha kuita kila kitu kwa jina lake, nami nikadhani ni kazi nyepesi. Wafalme wametengewa msitu. Sisi wengine hubaki na mtu mmoja wa kulitamka neno, naye ndiye linayemuuma zaidi.